Mnyonge Mnyongeni: mchezo upi wa mezani unawafaa mashujaa wasiotegemewa?

Mwangwi anaweza kurudia sauti yoyote aliyowahi kuisikia. Basi. Hapai, harushi moto, na risasi ikimpata itamuua kama itakavyomuua yeyote. Gundi ana viganja vinavyonata. Sekunde huona jambo sekunde moja kabla halijatokea, muda unaomtosha kusema "Jamani!" na hakuna zaidi. Mbele yao kuna daraja, juu ya daraja kasimama Sumaku, na juu ya Sumaku linaelea basi lenye abiria 40. Shujaa mkuu wa mji, Radi, yuko mbali, ana vita vyake vikubwa zaidi.

Wachezaji wangu watatu walipoleta wahusika hawa mezani nilifurahi sana. Kisha nikakuna kichwa. Tutawachezesha kwa kanuni zipi?

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii: msimulizi mmoja anaubeba ulimwengu wote na watu wake, wengine kila mmoja anashika mhusika wake, na pale ambapo haijulikani jambo litakwendaje, dadu inaamua. Michezo ya mashujaa wenye nguvu za ajabu ni ya zamani. Superhero: 2044 ulitoka 1977, Villains & Vigilantes ukafuata 1979, Champions 1981, na tangu hapo haijakauka. Tatizo ni kwamba mingi iliandikwa kwa kudhani shujaa ni mtu wa kuinua magari. Ukiwaweka humo Mwangwi na wenzake, ama wanapondwa kama dagaa, ama unawabeba kwa siri huku wenyewe wakijua unawabeba. Yote mawili yanachosha.

Nimechezesha wanyonge kwa mifumo minne na kuuonja wa tano, na sasa nikilinganisha siangalii kwanza namba za nguvu. Naangalia mchezo unamlipa nini mchezaji anaposhindwa. Mnyonge atashindwa mara nyingi, hilo halikwepeki, ndiyo maana yake. Kama kushindwa kunamwachia maumivu na zamu iliyopotea tu, baada ya vikao viwili hana hamu. Kama kunampa kitu cha kushika, atarudi wiki ijayo kabla hujampigia simu.

Basi twende darajani, mfumo mmoja mmoja.

Mutants & Masterminds: namba hazina huruma

Naanza na huu kwa sababu ndio nilioharibia. Ulianza 2002, na toleo lake la tatu, ambalo ndilo ninalolizungumzia, lilitoka 2011. Dadu ni moja, ya pande 20. Kila mhusika ana kiwango cha nguvu, na kiwango cha kawaida cha shujaa anayeanza ni 10, akipewa alama 150 za kununulia uwezo: alama 15 kwa kila kiwango.

Wazo la kwanza linalomjia msimulizi anayetaka wanyonge ni kushusha kiwango. Lilinijia na mimi. Mashujaa nikawapa 8, yaani alama 120, na adui nikampa 12. Nikajiona nimemaliza kazi.

Tazama sasa. Ili Gundi, mwenye shambulio la +8, ampate Sumaku mwenye ulinzi wa 12, jumla ya dadu na shambulio lazima ifike 22, yaani 10 na ule ulinzi. Dadu itoe 14 au zaidi: nafasi 35 katika 100. Akimpata, bado Sumaku anarusha dadu yake kuona kama pigo limemuumiza, na kwa ugumu wa 12 dhidi ya pigo la ngazi ya 8, nusu ya mapigo yanamteleza kama maji juu ya jani la mgomba. Zidisha. Kila zamu ya Gundi ina nafasi zisizofika 18 katika 100 za kufanya chochote cha maana. Sumaku naye akigeuka anampata Gundi mara 75 katika 100, na katika kila mapigo 100 yanayompata, 15 yanamzimisha hapo hapo, mchezo kwisha.

Kikao cha pili, Sekunde alizimishwa kwenye zamu ya kwanza kabisa ya pambano. Mchezaji wake alikaa zaidi ya saa nzima akichora maua pembeni mwa karatasi ya mhusika. Maua mazuri, kusema kweli. Lakini hakuja kuchora.

Kosa halikuwa la mchezo, lilikuwa la msimulizi. Mutants & Masterminds una vifaa vya kumbeba mnyonge, ila havikai kwenye kiwango cha nguvu. Vimekaa sehemu tatu.

Ya kwanza ni alama za ushujaa. Kila mchezaji huanza kikao na moja, na huongezewa kila mara msimulizi anapomletea shida aliyoiandika mwenyewe kwenye karatasi yake: mdogo wake Mwangwi asiyejua siri, deni la Gundi, kizunguzungu kinachompata Sekunde mahali penye watu wengi. Shida ndiyo mshahara. Na alama hiyo si mapambo. Ukiitumia kurusha dadu upya, dadu ikitoa 10 au chini unaongeza 10, kwa hiyo huwezi kupata chini ya 11. Gundi wa kiwango cha 8 akipigwa lile pigo la Sumaku na akawa na alama ya ushujaa mfukoni, anaweza kuyumba, anaweza kupoteza sehemu ya zamu, lakini kuzimishwa kwa pigo lile hakupo tena. Ningelijua hili kwa vitendo siku ile, Sekunde asingechora maua. Tena alama hizi hazivuki kwenda kisa kijacho, kwa hiyo waambie watu wazi: zitumieni, hakuna benki.

Ya pili ni kushambulia kwa pamoja. Mashujaa kadhaa wakisubiriana na kupiga kwa mpigo mmoja, pigo kubwa kati yao linaweza kuongezewa ugumu wa kulihimili kwa 2 au hata 5. Lile pigo ambalo Sumaku alikuwa akilipuuza nusu ya wakati, likiongezewa 5, analipuuza mara moja katika nne. Hapo kikosi kinahisi kikosi.

Ya tatu niliigundua kwa kuchelewa na naiona bora kuliko zote mbili: kiwango na alama si lazima viende pamoja. Kiwango ni dari tu, kinasema uwezo wako mmoja usivuke wapi. Alama ndizo zinazosema una vitu vingapi. Kwa hiyo waache kwenye kiwango cha 10, lakini wape alama 90 badala ya 150. Mwangwi ataweza kusimama na wakubwa kwenye jambo moja, sauti yake, na kila kitu kingine kwake kitakuwa cha mtu wa mtaani. Huyo ndiye mnyonge anayependeza kuchezwa: mwenye kitu kimoja kikali na mashimo kila upande. Aliyepunguzwa kidogo kwenye kila kitu hana ladha.

Lawama yangu inayobaki ni muda. Kumtengeneza mhusika mmoja kwa mara ya kwanza ni kazi ya jioni nzima, na ukiwa na watu wanne ambao hawajazoea, kikao cha kwanza chote kitakwenda kwenye hesabu. Wapo wanaoifurahia jioni hiyo kuliko mchezo wenyewe. Wapo watakaokuambia wana dharura.

Masks: kidonda kiko ndani

Masks: A New Generation ulitoka 2016 na hautaki kabisa kujua unainua kilo ngapi. Wahusika ni vijana wa umri wa shule ya sekondari, wenye nguvu za ajabu, katika mji ambao tayari umejaa mashujaa wakubwa kuliko wao. Unyonge wao si wa misuli. Ni wa kila mtu mzima kudhani anajua wao ni akina nani.

Badala ya nguvu na wepesi, una lebo tano, kila moja kati ya −2 na +3. Mezani kwetu tuliziita Hatari, Kioja, Mwokozi, Mbora na Wakawaida. (Kwa ile ya pili tulibishana sana. Mmoja alitaka "Chizi", tukakataa. "Kioja" ikabaki kwa sababu mchezaji wa Mwangwi alicheka alipoisikia, kisha akanyamaza kidogo, na mimi kule kunyamaza ndiko nilikokuwa nakutafuta.) Unarusha dadu mbili za kawaida na kuongeza lebo inayohusika. Jumla ikiwa 10 na zaidi, umefanikiwa vizuri. 7 hadi 9, umefanikiwa lakini kuna gharama. 6 na chini, msimulizi anasema mambo yanavyoharibika.

Hapa ndipo mchezo unapojibu swali langu. Kila ukipata 6 au chini, unajiwekea alama moja ya kukua. Zikifika tano, mhusika wako anasonga mbele. Maana yake anayeanguka sana ndiye anayekua haraka, na nimewahi kumwona mchezaji akitazama dadu zenye 2 na 3 huku anatabasamu.

Rudi darajani. Mwangwi anaamua kumchokoza Sumaku kwa sauti ya Radi: "Literemshe hilo basi, nakuja hapo." Kuchokoza kunatumia lebo ya Mbora, na yake ni 0. Nafasi ya kuharibikiwa ni kama 42 katika 100. Lakini kumbuka dakika kumi zilizopita Radi halisi alimwambia kwenye redio, mbele ya wenzake, kwamba hiki kikosi ni mchezo wa watoto. Mtu mzima mwenye ushawishi juu yako akikuambia wewe ni nani, lebo moja inapanda na nyingine inashuka, isipokuwa ukikataa na kurusha dadu kutetea nafsi yako. Mwangwi hakukataa. Mbora ikashuka hadi −1, na nafasi ya kuharibikiwa ikapanda hadi 58. Sentensi moja kwenye redio imemtoa 42 ikampeleka 58. Sijaona mfumo mwingine ambao dharau inauma kihesabu namna hii.

Akarusha: 4 na 2. Toa moja, 5. Ameharibikiwa, akaweka alama yake ya kukua. Na mimi sikusema "hakudanganyika". Nilisema amedanganyika, na kwa woga amelibana basi zaidi mpaka vioo vimepasuka, na abiria sasa wanalia wakimwita Radi ambaye haji. Meza nzima ikanyanyuka.

Hakuna alama za uhai. Pigo likikufika unaweza kuishia na hofu, hasira, hatia, kukata tamaa au kutojiamini, na ukishajaa zote tano, linalofuata linakutoa kwenye tukio. Ili kuondoa hali moja, mhusika lazima afanye jambo linaloendana nayo: mwenye hofu akimbie kitu kigumu, mwenye hasira amuumize mtu au avunje kitu cha maana, mwenye hatia ajitolee sadaka. Wewe msimulizi huna haja ya kutunga mgogoro wa kikosi. Unatungwa na watu wanaojaribu kupona.

Kati ya vijitabu kumi vya wahusika vilivyomo kwenye kitabu cha msingi, kimoja, Beacon, kimeandikiwa mnyonge wetu hasa: yule ambaye kila mtu, hata mwenyewe usiku akiwa kitandani, anajiuliza anafanya nini kwenye kikosi hiki. Lakini msidhani lazima wote wachukue hicho. Kikosi cha Beacon mmoja na mwenye nguvu mmoja asiyeweza kujizuia kinazalisha unyonge wa aina mbili, na zinagombana vizuri.

Mabaya yake sasa. Msimulizi harushi dadu kamwe, kwa hiyo kila 6 mezani inakugeukia wewe: sema kitu, sasa hivi, na kiwe kizuri. Siku umechoka, inaonekana. Mchezaji anayependa kupanga na kukokotoa atakuona unamwibia, kwa sababu Gundi na mtu anayeweza kubomoa jengo wanarusha dadu zile zile. Na mchezo ni wa vijana, hauna njia ya mkato. Ukitaka mlinzi mstaafu wa miaka 58 mwenye goti bovu na uwezo mdogo wa kuongea na paka, lebo hizi hazimkai. Tulijaribu. Zilimpwaya kama koti la kuazima.

Jambo jingine, kabla hamjaanza: kaeni muulizane ni mambo gani hayaguswi. Mchezo huu unachokonoa aibu, wazazi, kukataliwa. Dakika kumi za mazungumzo mapema zinakuepusha na mtu kuinuka mezani akiwa na uso ambao si wa mhusika wake.

Fate Accelerated: kukubali kushindwa kwa faida

Huu ni wa 2013, kanuni zake ni fupi, na zinasomeka bure kwenye intaneti. Dadu nne zenye alama za kujumlisha, kutoa na tupu. Mhusika anaelezwa kwa sentensi fupi zinazoitwa sifa, na sifa nzuri ni ile inayokata pande zote mbili. "Sauti zote ni zangu isipokuwa yangu" ni sifa ya Mwangwi. Itamsaidia darajani na itamliza nyumbani. Sifa ikikuletea balaa, unapokea alama ya hatima. Ikikusaidia, unalipa moja na kuongeza 2.

Mambo mawili yanaufanya kuwa wa wanyonge. Moja ni kutengeneza nafasi: badala ya kumpiga Sumaku, Sekunde anapiga kelele "Kushoto!", Gundi ananatisha buti zake kwenye lami, Mwangwi anamchanganya kwa sauti za ving'ora, na kila mmoja ameacha kitu mezani ambacho mtu wa mwisho atakitumia bure. Vitatu ni +6. Kwenye mfumo ambao dadu zenyewe zinaishia kati ya −4 na +4, hiyo ni radi kweli kweli, siyo yule wa kwenye redio.

La pili ni kujisalimisha. Kabla dadu haijarushwa dhidi yako unaweza kusema "nimeshindwa", ukachangia kusema umeshindwaje, na ukaondoka na alama ya hatima pamoja na moja zaidi kwa kila madhara mazito uliyoyapata kwenye pambano hilo. Mashujaa wanaokimbia darajani wakiwa wametota, basi limeokolewa nusu, mifuko yao imejaa alama za kipindi kijacho: huo ndio mwendo wa hadithi za wanyonge tangu zianze kusimuliwa, na hapa umewekwa kwenye kanuni.

Kinachonipunguzia hamu ni kwamba unategemea sana ubora wa sifa mlizoandika. Sifa butu, mchezo butu. Na baada ya miezi kadhaa wachezaji wangu walianza kuona kila tatizo kama jingine: tengeneza nafasi, tengeneza nafasi, kusanya, piga. Kwa vikao vitatu au vinne sijui kitu kinachoushinda. Kwa mwaka mzima, sitauchagua.

ICONS na Champions, kwa haraka

ICONS wa 2010 nauweka kwenye mkoba kwa ajili ya siku mtu mmoja hakuja na wengine wanataka kucheza. Nguvu zinapatikana kwa kurusha dadu kwenye majedwali, kwa hiyo unyonge unakuangukia bila kuuchagua, na hiyo ina raha yake: hakuna aliyeomba kuwa na uwezo wa kupoza vinywaji, lakini ndio huo. Katika toleo la mwanzo alama za azma, zile unazotumia kujiokoa dadu ikikataa, za kuanzia zilikuwa 6 ukitoa idadi ya nguvu zako, bila kushuka chini ya moja. Mwenye nguvu moja anaanza na 5. Mwenye nguvu tano anaanza na 1. Kanuni moja ya mstari mmoja, na tayari mnyonge ana kitu ambacho mwenye nguvu hana. Natamani michezo mingine iibe.

Bila azma lakini ni mkavu. Unarusha dadu mbili, moja unaijumlisha na nyingine unaitoa, unaongeza uwezo wako. Mwenye 3 dhidi ya mwenye 8 anahitaji +5 kamili, yaani mara moja katika 36. Alama za azma zikiisha, basi kimeisha.

Champions sijauchezesha, niliuonja tu kama mchezaji, na siwezi kumpendekezea msimulizi mgeni: kupigana kunafuata chati ya sehemu 12 za kila zamu na kila nguvu inanunuliwa kwa hesabu za nusu na robo. Ila una wazo moja la kuchukua. Ukimwandika mtu anayekutegemea, unaandika pia namba ya dadu tatu itakayoamua kama anaingia kwenye kikao hiki: 8 na chini, 11 na chini, au 14 na chini. Hiyo 11 inatimia mara 62 au 63 katika 100. Kikosi cha wanne, kila mmoja na mama au mdogo wake wa namba hiyo, kitaletewa wastani wa jamaa wawili na nusu kila kikao. Raha mara ya kwanza. Mara ya tano daraja zima limejaa ndugu. Kwa hiyo kwenye mifumo mingine naiazima kanuni hii lakini narusha kwa kikosi kizima mara moja, si kwa kila mtu.

Kitu ambacho kanuni hazitakufanyia

Mfumo wowote uchague, adui akiwa ukuta wa kupigwa mpaka uanguke, wanyonge watapoteza na watachoka. Mpe Sumaku kitu anachokitaka ambacho si kuwaua. Wangu alitaka mtu mmoja tu ndani ya lile basi. Basi lenyewe lilikuwa bahasha. Kuanzia hapo kumshinda kukawa na milango mingi: kumtoa mtu yule kimya kimya, kumfanya Sumaku aamini hayumo, kuliteremsha basi kabla hajamfikia, hata kumsikiliza. Hakuna mlango hata mmoja uliohitaji mtu wa kiwango cha 12.

Na radi za mbali zibaki mbali. Shujaa mkubwa akitokea dakika ya mwisho na kuokoa, umewafuta wachezaji wako kwa raba. Akitokea baada ya wao kumaliza, akasifiwa yeye na waandishi wa habari huku wao wamekaa ukingoni mwa barabara wakitafuta kiatu cha Gundi, hapo umewapa sababu ya kurudi.

Basi uchukue upi

Kama meza yako ina watu wanaopenda kupanga silaha na kubishana juu ya alama, chukua Mutants & Masterminds, kiwango cha 10 na alama 90, na ugawe alama za ushujaa bila ubahili. Usifanye nilivyofanya mimi.

Kama watu wako wanaongea zaidi ya wanavyopigana, na hawaogopi kuwa na miaka 16 tena, ni Masks, bila kusita. Kwangu ndio mfumo pekee kati ya hii ambao unyonge ni injini yake yenyewe. Mingine yote nimelazimika kuuingiza kwa mlango wa nyuma. Lakini msimulizi awe na pumzi.

Mashujaa wenu wakiwa watu wazima waliochoka, au mkiwa na jioni tatu tu, au hakuna anayetaka kununua kitabu, Fate Accelerated. Mkiwa na saa mbili na hamna wahusika, ICONS. Mkiwa na msimulizi aliyekulia kwenye Champions na anajitolea kushika chati mwenyewe, muacheni achezeshe, mtafurahi.

Sisi, baada ya yale maua, tulihamia Masks na wahusika wale wale. Ilichukua dakika ishirini kuwahamisha, kwa sababu hakukuwa na namba za kubeba. Tuko kikao cha tisa. Mwangwi hajawahi tena kuigiza sauti ya Radi, amekataa katakata, hata pale ambapo ingewaokoa, na mchezaji wake hajatuambia kwa nini. Wiki ijayo nitamletea Radi mwenyewe mlangoni, amepoteza sauti, anaomba kuazima.